Vinavyouzwa kwa mpandaji anayeyumba: mapitio ya vifaa na masomo ya farasi Nakuru

Mpandaji akianza kuyumba juu ya farasi, ushauri anaopewa hugeuka orodha ya manunuzi: suruali yenye silikoni makalioni, ngozi ya kondoo ya kutandika kitini, tandiko lenye vizuizi vikubwa vya goti, mpira wa mazoezi. Kuanzia Lanet hadi Njoro, na kwa upande wa pili mpaka Gilgil, vitu hivi vinapatikana, vipya kwa kuagiza na vya mkono wa pili kutoka kwa watu wanaoacha kufuga. Hapa tunavipima kwa swali moja: ukikivua kesho, mwili utakuwa umejifunza chochote, au utarudi kuyumba vilevile?

Msomaji asingoje hadi mwisho. Kifaa kilichotupendeza kuliko vyote ni ukanda wa shingo, ambao fundi viatu yeyote mwenye mkono mzuri anaushona. Huduma ya kulipia kabla ya nyingine ni somo la kuzungushwa kwa kamba ndefu, bila hatamu na bila rikabu. (Rikabu ni vile vyuma vya kukanyagia, wengi huku huviita stirapu, na ukisema hivyo saisi atakuelewa haraka zaidi.) Lakini vyote viwili ni kutupa pesa ikiwa tandiko lenyewe limeinama, kwa hiyo hatuna budi kuanzia hapo.

Tandiko: gololi kwanza, pesa baadaye

Tandiko linalobadilisha mikono zaidi huku ni la ngozi, la matumizi ya jumla, saizi ya inchi 16.5 hadi 17.5. Saizi hiyo hupimwa kutoka kwenye kinundu kilicho ubavuni mwa upinde wa mbele hadi katikati ya upinde wa nyuma; usiikisie kwa macho. Utakuta yenye muhuri wa Walsall, mji wa Uingereza uliojipatia jina kwa kazi ya matandiko, na mengine ya kutoka Kanpur, India. Muhuri usikupofushe. La Walsall lililovunjika kiunzi, yaani mifupa ya ndani ya tandiko, ni pambo la ukutani, na la Kanpur lililonyooka ni la kazi.

Kiunzi hukaguliwa hivi. Shika ncha mbili za upinde wa mbele, moja kila mkono, uzibane kama unayezikutanisha, kisha uzitanue. Pasisogee, pasilie. Halafu egemeza upinde wa mbele tumboni na uvute ule wa nyuma uje kwako. Kiti kinaweza kunesa kidogo, kwa kuwa viunzi vingi vina bapa za chuma zilizowekwa makusudi zinese. Lakini ngozi ikikunjamana katikati, au upande mmoja ukinesa kuliko wa pili, muage muuzaji. Mwisho geuza tandiko juu chini na utazame ule mfereji wa kati kutoka nyuma. Ukiwa umepinda, anayekalia atapinda nao, hata alipie masomo ya mwaka mzima.

Sasa gololi, ile watoto wa Nakuru wanaiita bano. Msimamishe farasi mahali tambarare, miguu minne ikiwa sawa, weka tandiko mgongoni bila kitambaa chini yake, kisha idondoshe gololi kitini. Pale inapotulia ndipo mwili wa mpandaji utakapoteleza kila hatua. Ikitulia katikati, endelea. Ikikimbilia nyuma, ama tandiko ni jembamba mbele na limepanda, ama mito ya chini upande wa nyuma imelala. Mpandaji atakaa kama aliye kwenye kochi, miguu ikitangulia, na farasi akiingia troti (mwendo wa midundo miwili, kati ya kutembea na kukimbia) atakuwa akiburutwa nyuma ya mwendo. Ikikimbilia mbele, tandiko ni pana mno na limezama mabegani. Mpandaji ataubinua mgongo na kubana magoti ili asimwagikie shingoni.

Farasi wa huku huleta shida hii kila siku. Wengi ni Thoroughbred waliostaafu mbio za uwanja wa Ngong: kigongo cha mabega kirefu, na bonde kila upande nyuma yake. Tandiko lililokaa vizuri kwenye farasi mfupi mwenye mgongo bapa litadidimia kwa huyu, na anayehamia farasi mwingine na tandiko lake hushangaa kwa nini jana alikaa vizuri na leo hawezi. Mpandaji akishaketi, vidole viwili vipite bila kubanwa kati ya upinde wa mbele na kigongo. Vikibanwa, ashuke papo hapo.

Dawa ya mito iliyolala ni kujazwa upya, na ijazwe sufu ya kondoo iliyooshwa na kuchambuliwa. Fundi wa magodoro atakwambia pamba inatosha. Haitoshi, kwa sababu pamba ikishanyonya jasho huganda mabonge, nawe utakuwa umelipia kumuumiza farasi. Wala usijaribu kulitibu tandiko jembamba kwa kulitia blanketi la pili. Huko ni kuvaa soksi nene ndani ya kiatu kinachobana.

Kwa mpandaji mwenyewe, kati ya makalio na ukingo wa nyuma ibaki nafasi ya kiganja kimoja. Zaidi ya hapo anasafiri ndani ya kiti, chini ya hapo anasukumwa kuelekea mbele. Kisha atoe miguu kwenye rikabu aiache ining'inie kwa uzito wake, na mtu asimame pembeni atazame mikanda ya rikabu. Mkanda unatakiwa uning'inie wima, na chuma kiwe pale ambapo unyayo tayari upo, chini ya nyonga. Matandiko mengi ya zamani ya kurukia vizingiti yana vyuma vya kuning'inizia vilivyowekwa mbele mno. Juu ya tandiko la namna hiyo mwalimu atapiga kelele "rudisha mguu!" mpaka sauti ikauke, na mguu utarudi kwa sekunde mbili kisha ubembee mbele kama pendulamu ya saa ya ukutani. Mpandaji hana kosa. Tusingelinunua hata kwa nusu bei, isipokuwa kwa mtu anayeruka vizingiti kila wiki.

Mikanda yenyewe ndiyo kasoro isiyotazamwa na yeyote. Kwa kuwa karibu kila mtu hupandia upande wa kushoto, mkanda wa kushoto huvutika kuliko wa kulia. Ivue yote miwili, itundike kwenye msumari mmoja, na upime kwa futi kutoka kwenye bizimu hadi tundu lilelile. Tofauti ya sentimita moja inatosha kuishusha nyonga ya kushoto, na mpandaji atajikunja kiuno cha kulia kufidia bila kujua. Ibadilishe mikanda upande kila mwezi, na umpe mpandaji kitu cha kukanyagia cha sentimita 50 hivi anapopanda. Kreti ya soda iliyosimamishwa wima si kitu cha kukanyagia. Hupinduka, na hupinduka wakati mguu mmoja tayari uko kwenye rikabu.

Ukanda wa shingo: kazi ya fundi viatu

Ni ukanda wa ngozi unaozunguka shingo ya farasi pale inapoungana na mabega, basi. Waliozoea hutumia mkanda wa zamani wa rikabu. Unaoshonwa mpya unafaa zaidi, kwa sababu unaweza kuagiza vipimo: ngozi ya ng'ombe ya unene wa milimita 3 hadi 4, upana wa sentimita 2.5, urefu wa sentimita 150 kwa farasi wa kimo cha kawaida, matundu sita yaliyoachana sentimita tatutatu, bizimu ya shaba au ya chuma kisichoshika kutu.

Mambo mawili ya kusimamia kibandani. Kwanza, ngozi yenyewe. Itazame pale ilipokatwa: ya kweli ina nyuzinyuzi zilizosongamana toka juu hadi chini. Ukiona utando kama wa plastiki juu na kitambaa chini, hiyo ni ngozi ya bandia inayobanduka, na itakatika siku farasi atakaposhtuka, ambayo ndiyo siku uliyouhitaji. Pili, mshono wa bizimu. Fundi mwenye haraka atapiga ribiti mbili na kukurudishia. Ribiti peke yake hupasua tundu lake kidogo kidogo. Mwambie ashone kwa shazia, mishono miwili ya sambamba, uzi wa nailoni uliopakwa nta, kisha apige ribiti juu yake akitaka. Na azichonge kingo ziwe mviringo, maana ukanda wenye kingo kali hukata vidole.

Farasi akivaa, ngumi iliyokunjwa ipite kati ya ukanda na shingo. Ukilegea zaidi, akiinamisha kichwa kula nyasi utateleza hadi masikioni na yeye atauvusha mguu. Ufunge kwa kamba nyembamba ya katani kwenye pete ya mbele ya tandiko. Katani hii ya mashamba ya Mogotio inafaa kwa kuwa inakatika: mambo yakiharibika, kinachotakiwa kukatika ni kamba, si shingo wala tandiko.

Matumizi yake ndiyo yanayoutofautisha na vishikizo vingine. Mpandaji huingiza vidole viwili tu chini ya ukanda, viwiko vikiwa mbavuni, na kuuvuta juu. Akiuvuta juu, makalio yanazama kitini. Akiuvuta nyuma kama mtu anayevuta mkokoteni, mabega yanakuja mbele na faida yote inapotea. Aushike pale mwendo unapobadilika, kutoka kutembea kwenda troti na kurudi, na katika mizunguko michache ya kwanza ya troti ya kuketi. Aachie kidole kimoja, halafu cha pili.

Kwa nini tumeupa nafasi ya kwanza? Kwa sababu ya kile ambacho mkono hufanya ukanda usipokuwepo. Mpandaji anayeyumba hujishikilia kwa hatamu, na mwisho wa hatamu ni lijamu iliyo mdomoni mwa farasi. Farasi akiumia mdomo huinua kichwa, akiinua kichwa hubonyeza mgongo, na mgongo uliobonyea na kukakamaa hurusha zaidi. Mpandaji anarushwa, anavuta tena. Ukanda unaukata mzunguko huo kwenye mkono, mahali pake pa kwanza.

Kipo pia kishikizo kifupi kinachofungwa kwenye pete mbili za upinde wa mbele, urefu wa sentimita 25 hivi. Kinafanya kazi ileile, na kwa mtoto ni rahisi kukifikia. Kagua pete kwanza: zile zilizopigwa msumari mdogo juu ya ngozi hung'oka zikivutwa kwa uzito wa mtu, tumia zile zilizoungwa na kiunzi.

Neno la vumbi. Jina la Nakuru husemwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi, na kati ya Januari na Machi ngozi zetu hulithibitisha hilo. Vumbi la volkano likichanganyika na jasho husaga mshono kama msasa. Futa kwa kitambaa kibichi kila baada ya kupanda, sabuni ya ngozi kila wiki, mafuta kidogo mara moja kwa mwezi. Mafuta mengi huivuta ngozi, na hapo unarudi kwenye tatizo la mikanda isiyolingana.

Ngozi ya kondoo

Kondoo wa Molo wanajulikana, na ngozi zao zenye sufu nene huwashawishi wengi kushonesha kifuniko cha kiti. Kinasaidia kweli: sufu hushika suruali, hupoza joto, na kwa safari ya saa tatu hakuna kinachokishinda. Ila kina bei yake kwa mizani ya mwili. Sufu ya sentimita 3 humwinua mpandaji na kumpanua mapaja, hivyo mfupi wa miguu atajikuta hafiki mbavuni mwa farasi, na rikabu itabidi ziinuliwe tundu moja. Pia humfanya asiisikie vizuri mifupa yake miwili ya kukalia, ile anayoihisi akikaa juu ya viganja vyake kwenye kiti cha mbao. Anayejifunza anahitaji kuihisi.

Agiza sufu ipunguzwe hadi sentimita moja na nusu, na kifuniko kifungwe kwa mikanda chini ya mabawa ya tandiko. Cha kuwekwa tu juu hutembea. Kifue kwa maji baridi na ukianike kivulini. Jua la saa nane hukausha upande wa ngozi ukapasuka kama chapati ya jana. Vya poliesta vinavyofanana navyo havifai kitu: vinateleza na vinachemsha makalio.

Suruali ya silikoni na vizuizi vya goti

Hapa hatutakaa sana. Suruali yenye silikoni toka gotini hadi makalioni inakushika, hakuna ubishi. Inakushika pale ulipo. Ukiwa umekaa upande, utashikwa upande, na kwenye troti ya kuinuka utahisi kama unabanduliwa. Inamfaa aliyekwisha kupata kiti chake na ana tandiko jipya linaloteleza. Ifuliwe bila dawa ya kulainisha nguo, la sivyo silikoni hupoteza mshiko.

Vizuizi vikubwa vya goti ni ndugu yake. Goti likipata ukuta wa kusukumia, paja hubana, na paja likibana mwili hupanda juu. Ibane sabuni iliyolowa uone inakoelekea. Mpandaji anajiona yuko imara kwa kuwa hasogei mbele, kumbe amening'inia juu ya tandiko badala ya kukaa ndani yake.

Mpira wa mazoezi

Rahisi, na una kazi. Mwenye kimo cha kati ya sentimita 165 na 178 achukue wa sentimita 65. Aliye chini ya hapo, wa 55. Ujazwe hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Hesabu ni dakika kumi kwa siku: binua nyonga mbele na nyuma bila kusogeza mabega, kisha moja moja pembeni, halafu inua unyayo mmoja sentimita mbili kutoka sakafuni na usiruhusu mpira uhame. Upande unaoyumba sebuleni ndio utakaoyumba kwa farasi. Kosa la kawaida ni kuruka-ruka juu yake. Kuruka hakufundishi lolote. Chukua ulioandikwa kuwa haupasuki ghafla, na usiukalie kwenye sakafu ya saruji yenye changarawe.

Somo la kamba

Mwalimu husimama katikati ameshika kamba, farasi huzunguka, na mpandaji hana hatamu, hivyo hana cha kufanya isipokuwa kukaa. Vituo vya kufundishia upande huu vinatoa somo hili, na ubora wake unatofautiana kama usiku na mchana. Haya ndiyo ya kuyatazama kabla ya kulipa.

Duara liwe na kipenyo cha mita 15 hadi 20. Kamba nyingi zina mita 8, kwa hiyo mwalimu anayetaka duara pana hutembea kaduara kake mwenyewe pale kati. La mita 10, ambalo utaliona penye uwanja mdogo, humtupa mpandaji nje na kuyasumbua magoti ya farasi. Farasi azungushwe kwanza dakika tano bila mtu, pande zote mbili, ndipo vigwe vya pembeni (vya kutoka kwenye lijamu hadi ubavuni) vifungwe, si vifupi kiasi cha kumkunja shingo. Kamba isiburute chini na isizungushwe kwenye kiganja cha mwalimu hata mara moja. Farasi akitimka kamba iliyozungushwa huondoka na vidole. Glavu ni lazima. Muda wa mpandaji ni dakika 20, kumi kila upande. Anayekuuzia saa nzima ya kamba si mkarimu, hafikirii miguu ya farasi wake, na nyonga za mwanafunzi baada ya dakika 20 huwa zimechoka na kuanza kudanganya.

Kofia iwe ya kupandia farasi, yenye alama ya kiwango cha usalama, PAS 015, VG1 au ASTM F1163, na ikishagonga chini ibadilishwe. Ya boda boda ni nzito, inaziba masikio, na inavuta kichwa mbele. Kichwa chenyewe kina kilo tano hivi, na kikitangulia mgongo wote unakifuata.

Rikabu zikivukishwa mbele ya tandiko, bizimu ivutwe kwanza sentimita 10 chini, mkanda ulale bapa. Bila hivyo kinundu chake kitachimba paja, na mwanafunzi atakaa upande akikikwepa. Wa kulia uvukishwe kwanza, wa kushoto uwe juu, ili akihitaji kupanda tena aushushe wa kushoto peke yake. Ni jambo dogo linalokuonyesha kama mwalimu alifundishwa au aliona tu.

Mwendo wa kutembea usirukwe. Mwanafunzi afumbe macho ataje mguu wa nyuma unaosonga: tumbo la farasi likibembea kulia, mguu wa nyuma wa kushoto unakwenda mbele na mfupa wa kukalia wa kushoto unashuka. Akiweza kusema "kushoto, kulia, kushoto" bila kukosea, nyonga zake zimeanza kufuata. Kisha ayatenge mapaja na tandiko kwa sekunde moja na kuyaachia. Inauma kwenye nyonga, lakini akishuka atakuwa amekalia mifupa, si misuli iliyokaza.

Kwenye troti, mkono wa nje ushike upinde wa mbele na wa ndani ushike wa nyuma. Kwa mshiko huo kifua hugeukia ndani ya duara chenyewe na makalio huvutwa chini. Mzunguko mmoja au miwili, kisha watembee. Mwalimu anayemwacha mwanafunzi akirushwa mizunguko kumi anamfundisha kubana, maana mwili ulioogopa hauna mbinu nyingine. Tazama pia pumzi. Wanaotoka Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari, wakija hapa kwenye mita 1,850, huishiwa pumzi mapema, na anayezuia pumzi hukakamaa kiuno. Mwalimu mzuri humwongelesha, au humtaka ahesabu kwa sauti: huwezi kuhesabu huku umeziba pumzi.

Kasoro kubwa ya duara ni kiuno kuvunjika upande wa ndani. Bega la ndani linashuka, makalio yanakimbilia nje, na mwanafunzi anaapa kuwa amenyooka. Mwalimu aliye katikati haoni vizuri, kwa sababu kosa linaonekana kwa nyuma na kwa nje. Mpe saisi simu arekodi mizunguko miwili akiwa nje ya duara, farasi akimpita na kwenda. Kabla ya kumlaumu mtu, hakikisha katikati ya upinde wa nyuma iko juu ya uti wa mgongo. Mara nyingine ni tandiko lenyewe lililoteleza nje, kwa sababu mshipi wa tumboni haukukazwa tena baada ya dakika tano za mwanzo.

Rikabu zikirudishwa, kuna mazoezi mawili yanayozidi mengine yote. La kwanza ni "juu, juu, chini" kwenye troti: mdundo wa kwanza na wa pili umesimama, wa tatu umeketi. Hesabu hiyo ya tatu juu ya mwendo wa midundo miwili humlazimu abadilishe mguu anaoufuata kila mara, na hawezi kuifanya kwa kujivuta. La pili ni kusimama kwenye rikabu bila kushika kitu, kwanza farasi akitembea, kisha akienda troti. Mtazame konda wa matatu ya Njoro mlangoni: magoti laini, nyayo chini ya nyonga, mkono mmoja unahesabu pesa. Hivyo ndivyo. Anayedondoka nyuma kitini mguu wake umetangulia. Anayeanguka shingoni mguu umebaki nyuma, au amefunga goti na kifundo kwa kusukuma kisigino chini kwa nguvu. Kisigino kishuke kwa uzito, kisisukumwe.

Masomo mawili kwa wiki, kwa mwezi mmoja, ndiyo tungelipia, na yawekwe kabla ya Aprili. Mvua za masika zikishika, viwanja vingi visivyo na mchanga huwa telezi, na farasi anayeogopa kuteleza hukaza mgongo, kwa hiyo utalipia somo usilolipata.

Mwezi ukiisha, rudia lile zoezi la kusimama. Akiwa bado anadondoka nyuma ilhali mwalimu anaona mguu uko mahali pake kila anapotembea, usiongeze masomo. Mvue farasi kitambaa, rudisha tandiko mgongoni, na uitafute ile gololi.